Nyimbo za Chumbani

Kabla hajakata kona ya Ndia Kuu, Dokta Mwikali alisikia vicheko vya wanaume, na juu ya vicheko hivyo, sauti ya Bi Mishi akiimba.

Bi Mishi alikuwa somo, mfundaji wa mabibi harusi, na wimbo ule huimbiwa mwari chumbani, mlango umekomewa, wanawake peke yao. Kwa miaka miwili Mwikali alikaa mkekani na Bi Mishi na wafundaji wenzake, wao na chuo kikuu chake wakizihifadhi nyimbo zao pamoja kwa rekodi, naye akiandika kitabu, kwa sharti moja tu: mwanamume asizisikie.

Akakimbia. Nje ya ukumbi wa maonyesho ya chuo, spika ilipandishwa juu ya kiti, wauza vinyago wameizunguka.

"Ongeza sauti, kijana!" mmoja alipiga kelele. "Wangu hakufundwa hivi!"

"Zima!" Mwikali alimpokonya simu Bonface, msaidizi wake, akaukata wimbo.

"Lakini Dokta, asubuhi yote hakuingia hata paka. Ona sasa watu walivyojaa!"

"Nani kakwambia uupige huu?"

"Ulinitumia zote. Hukuniambia upi ni upi."

Kweli, hakumwambia.

Watu wakapisha njia ghafla. Bi Mishi alikuwa amesimama pale, buibui kalibana kifuani, na bintiye Sidi nyuma yake.

"Mbona mwakata, mwanangu?" alimwuliza Bonface. "Ubeti wa mwisho ndio mtamu. Mkwe wangu Masha yule pale, naye asikie."

Masha, kati ya wauza vinyago, aliinamisha kichwa, akatokomea kichochoroni.

"Ni huyu aliyeupiga?" Sidi alifoka, kidole usoni mwa Bonface. "Huyu wa bara asiye na haya?"

Wanaume waliokuwa wakicheka sasa hivi wakamsogelea Bonface, wamekunja ngumi. Mwikali akapiga hesabu. Akiitikia kwa kichwa tu, lawama itaondoka na kijana huyu, naye atabaki na kitabu chake na heshima yake. Bonface alimtazama.

"Mwacheni," Mwikali alisema. "Kosa ni langu. Nilimpa bila kumwambia sharti lenu."

Bi Mishi alimsogelea hadi pumzi zao zikakutana.

"Wenzangu walikukataa. Mimi ndimi niliyekudhamini, nikakuingiza ndani kwa mkono huu. Leo niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu, Bi Mishi. Kesho baada ya alasiri nitakuja kwako, mbele yao wote, niseme kwa mdomo wangu. Rekodi zote nitakuja nazo. Mkisema zifutwe, nitazifuta mkiniona, na kitabu kife."