Khisa Aosha Matumbo Yake

Kama kulikuwa na mtu mtaani Huruma aliyejua matumbo, Khisa alijihesabu wa kwanza. Si aliyaosha na kuyakaanga kila siku mpaka wateja wakajilamba vidole? Kwa hiyo daktari alipomweleza kwamba utumbo wa binti yake Bridgit ulijisokota, ukaoza, ukakatwa karibu wote, na kwamba kipande kilichobaki kisipozoea chakula itabidi apandikizwe mwingine huko ng'ambo, labda wa mzazi, Khisa alijipiga kifua.

"Daktari, chukua yangu. Hii mambo ya matumbo ndiyo kazi yangu."

"Kesho tutakupima. Lakini kwanza tunataka mtoto akubali kula, hata kidogo."

Bridgit alikuwa akilishwa kwa mshipa, na kila kijiko alikisukuma kando kwa kuogopa maumivu. Hayo ya kula Khisa hakuyasikia. Alikuwa ameshafika mbali, anajiona shujaa.

Nyumbani akaamua kwamba utumbo haupelekwi kwa daktari na uchafu wake. Akauosha wake jinsi anavyoosha wa ng'ombe: maji moto, chumvi, ndimu. Ila safari hii aliyanywa, jagi zima, ili yatoke meupe. Yalitoka, na Khisa nusura atoke nayo.

Asubuhi alianguka mlangoni mwa wodi. Bwana mtaalamu akalazwa kando ya binti yake, dripu mkononi, suruali ya kuazima kiunoni. Nesi Lorraine akamletea uji. Akaugugumia wote, akautapika wote. Nesi akamjazia kikombe kingine.

"Baba, si hivyo!" Bridgit alicheka, mara ya kwanza tangu apasuliwe. "Sista anasemanga pole pole, kijiko kimoja."

"Na wewe mbona hutaki hicho kimoja?"

"Naogopa itauma."

"Hata mimi naogopa," Khisa alisema, na hakuwa akitania. Aliogopa kumpoteza, na hofu hiyo ndiyo iliyomnywesha jagi la upuuzi.

Bridgit akavuta kikombe chake mwenyewe, chenye uji uliopoa bila kuguswa, akachota kidogo, akameza. Akafumba macho akisubiri maumivu. Khisa naye akasubiri, roho mkononi.

"Haya, wewe sasa," mtoto akasema.

Daktari aliwakuta wakipokezana zamu, kila mmoja na kikombe chake.

"Mzee Khisa, tuende nikupime?"

"Ngoja kwanza, daktari," Khisa alinong'ona, machozi yakidondokea ujini. "Ni zamu yake."