Mashua ya Bushiri

Gharibu alikuwa mkata boriti za mikoko wa Kiongoroni, na kijiji kizima kilijua anavyokoroma. Waliopita nyuma ya nyumba yake mchana, akiwa amejinyoosha kungojea maji yajae, walicheka. Mkewe Sikudhani hakucheka. Yeye alisikiliza pale mkoromo unapokatika.

Ulikatika ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja. Kifua kikatulia tuli. Nje ungesikia kaa wakichakura kwenye matope, na ndani hakuna kitu. Sikudhani husimama na ufagio mkononi, naye amebana pumzi bila kujijua, mpaka mumewe ashtuke, avute hewa kwa kishindo kama aliyeibuka kilindini, kisha aendelee kulala.

"Unaota nini, Baba Hadija?" alimwuliza siku moja.

Gharibu alijipangusa jasho. "Bushiri. Anakuja na mashua yake mpaka hapa mlangoni, ananiambia nipande. Nikitaka kumjibu, sauti haitoki."

Bushiri, kaka yake Gharibu, alikutwa amekufa ndani ya mashua hiyo katikati ya mikoko, amelala chali, hana jeraha lolote. Watu walisema shetani wa mikoko alimkalia kifuani. Na Bushiri naye alikuwa akikoroma vivyo hivyo.

Walisoma dua, wakafukiza ubani. Mwisho Sikudhani akaenda zahanati kwa nesi Elinipendo, mtu wa Upareni.

"Mama Hadija, ya shetani siyajui," nesi alimwambia. "Ninachojua, mumeo akilala koo linajifunga, pumzi inakatika, na moyo unaumia. Ipo mashine ya kusukuma hewa, lakini inataka umeme wa kukesha, na sola zetu hizi ni za taa tu. Wapo madaktari wa meno wanaotengeneza kifaa cha kuvaa mdomoni. Kinavuta taya la chini mbele ili koo libaki wazi. Ila chagueni vizuri. Si kila mng'oa meno anaijua kazi hiyo."

Walianzia Ikwiriri, kwa bwana mmoja mwenye kibao kikubwa barabarani. Hakumwuliza Gharibu hata jina.

"Fungua mdomo. Mkilipa leo, kesho mnaondoka nacho."

"Humpimi kwanza anavyolala?" Sikudhani aliuliza.

"Si anakoroma? Nipime nini tena?"

Sikudhani akamshika mumewe mkono, wakatoka.

Kibiti walimpata Dokta Aika. Huyu aliuliza kama Gharibu husinzia akiwa kazini, kama huamka na kichwa kizito. Alimpima shingo, akagusa jino moja moja kuona kama yatahimili kifaa. Kisha akampa kipimo cha kuvaa kidoleni na puani, alale nacho nyumba ya wageni.

"Majibu atayasoma daktari wa kifua, si mimi," alisema. "Akisema kifaa hakikufai, sikutengenezei hata ukinilipa mara mbili."

Kwa neno hilo Sikudhani alimchagua.

Majibu yalipotoka, kifaa kilikubaliwa. Dokta Aika aliwaonyesha mstari kwenye kompyuta, unapanda na kushuka, kisha unalala bapa. "Hapa hakupumua. Na hapa. Na hapa pia." Sikudhani aliitazama mistari ile bapa na kuitambua. Ndiyo milango aliyokuwa akipitia Bushiri.

Bima haikugharamia kifaa. Daktari alikubali walipe kidogo kidogo, lakini malipo ya kwanza yalikuwa makubwa, na nyumbani kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: mashua ya Bushiri, iliyofunikwa makuti tangu mazishi.

"Nikiiuza, atakuja na nini?" Gharibu alisema.

"Ndiyo maana nataka iuzwe."

Ilinunuliwa na Huseni, mfanyabiashara wa Nyamisati. Wakati wakingoja kifaa, usingizi wa Gharibu ulizidi kuwa mbaya. Bushiri sasa alikuja kwa miguu, matope yamemfika kiunoni, mikono ikipapasa mbele yake. "Hasemi tena," Gharibu alieleza. "Anatafuta tu." Adhuhuri moja Sikudhani alikuta tope bichi kizingitini, na siku hiyo hakuna aliyekuwa ametoka majini. Alilifuta kwa kitambaa, asimwambie mtu.

Kifaa kikaja. Siku za mwanzo taya lilimuuma Gharibu, mate yakamchuruzika, mpaka walipokirudisha kwa Dokta Aika akakilegeza. Mkoromo ukawa mwembamba, haukatiki. Gharibu akaacha kusinzia na shoka mkononi. Bushiri hakuja.

Alasiri moja Sikudhani alirudi kisimani akakuta nyumba imenyamaza. Kifaa kilikuwa kwenye mkeka. Gharibu amelala kando yake, kifua hakitikisiki, na midomo inacheza bila sauti, kama mtu anayejieleza.

Alimwita. Alimtikisa. Akampiga kifuani kwa kiganja, tena na tena, mpaka hewa ikamwingia mumewe kwa mlio wa kutisha. Gharibu akakaa, akalia.

"Umekivua mwenyewe?"

"Nilitaka kumwomba radhi. Hana mashua, na mimi ndiye niliyemnyang'anya."

"Amekujibu nini?"

"Hakunijibu. Amenisukuma." Alijigusa kifua. "Hapa, kwa nguvu. Amenifukuza nirudi. Kumbe hana kinyongo na mimi, Mama Hadija."

Sikudhani alikitazama kiganja chake, ambacho bado kilikuwa kikimwasha. Akakiosha kifaa, akamrudishia. Gharibu alikipokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo hajalala bila kukivaa.