Bakuli Lililofunikwa Sakafuni

Katika nyumba ile vumbi halikuwahi kulala. Likiingia asubuhi, mchana limeshafukuzwa. Mwenye nyumba majirani walimpa jina la Mama Usafi, naye alilivaa jina hilo kama nguo mpya. Walisema ukipiga chafya kwake, kitambaa kinafika kabla hujamaliza.

Mumewe alikuwa fundi saa, na kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Alifanyia kazi katika chumba cha mbele, meza imesukumwa dirishani penye mwanga, lenzi ndogo nyeusi imebanwa kwenye jicho la kulia. Ukutani saa zilijipanga kama wanakwaya, na ole wake itakayochelewa hata dakika moja.

Wa tatu nyumbani humo alikuwa paka, jina lake Karani. Miaka tisa nyuma mteja alileta saa ya kusimama, ndefu kama mtu mzima, iliyogoma kutembea. Fundi alipofungua kilango cha chini alikuta kitoto cha paka kimejikunyata ndani, kimebana kamba ya uzito. Mteja akasema hamjui yule, hakumtuma. Saa ikaenda kwao, paka akabaki, na tangu siku hiyo akawa analalia karatasi za wateja mezani, anazikagua kwa tumbo. Ndiyo maana akaitwa Karani. Watoto wao wote watatu walikuwa wameshahama. Aliyebaki wa kuulizwa "umelalaje" ni yeye.

Mwaka uliopita Karani alianza kunywa maji kama aliyelamba chumvi, akala sana na bado akakonda. Daktari wa wanyama, mwanamke mwembamba asiyependa maneno mengi, alimpima akasema ni kisukari. Sindano asubuhi na jioni, saa moja na saa moja, maisha yake yote.

Mama Usafi alidhani habari imeishia hapo. Nani amdunge paka kila siku ya Mungu?

"Mimi," alisema Fundi. "Nimeshafunga skrubu za saa zilizo ndogo kuliko chembe ya mchanga. Sindano itanishinda nini?"

Wiki nzima alijifunzia kwenye chungwa, anavuta maji, anatoa hewa, anachoma, anavuta tena. Chungwa likalowa mpaka likachoka. Siku aliyomdunga Karani mwenyewe, paka aliendelea kula bila hata kugeuza sikio. Mama Usafi alikuwa amekaa na mume yule miaka arobaini, alidhani ameshayaona yake yote. Kumbe mtu ni kabati, kuna droo hujaivuta. Alisimama mlangoni na taulo mkononi, akamwangalia mzee mwenye mvi akimshukuru paka kwa kutulia, akaona haya kidogo kwa namna alivyompenda upya.

Mpango wao ulikuwa huu. Saa kumi na mbili na nusu Mama Usafi anaweka chakula. Saa moja kamili, saa za ukutani zikilia kwa pamoja, Fundi anauliza, "Amekula?" Mkewe anajibu, "Amekula." Sindano inafuata. Daktari aliwaambia wazi: dawa ile bila chakula tumboni huishusha sukari mpaka mnyama akaanguka.

Asubuhi moja Karani alikula vizuri, akalamba na kingo za sahani. Dakika kumi baadaye alienda nyuma ya kochi, akakohoa mara tatu, akarudisha chote. Mama Usafi alikuwa amefika na ndoo kabla paka hajafunga mdomo. Akafuta, akasugua kwa sabuni, akaanika kitambaa. Alikuwa amefanya hivyo pia jana mchana, na jana jioni. Hakuwa na nia ya kuficha. Kwake matapishi yalikuwa uchafu, hayakuwa habari.

Saa moja, saa zote zikalia.

"Amekula?"

"Amekula," akajibu, anakunja mikono ya gauni. Wala hakusema uongo.

Saa nne na robo alikuwa akifagia ukumbini alipomwona Karani akienda kwenye maji. Miguu ya nyuma ilikuwa haikubaliani. Mmoja ulitaka huku, mwingine kule, kama wa mlevi anayetafuta mlango wa kwake. Paka akaketi, akainamisha kichwa, kichwa kikaanza kutikisika. Kisha akaanguka ubavu.

"Fundi," aliita. Hakupaza sauti, lakini Fundi alitoka na lenzi bado jichoni.

Alipiga magoti, akamchoma Karani sikioni kwa kisindano kidogo, akagusisha tone la damu kwenye kimashine cha kupimia sukari. Namba ilitoka chini kabisa, chini ya ile ambayo daktari alikuwa ameipigia mstari mwekundu kwenye kijitabu chao.

"Haiwezekani," alisema Fundi. "Dawa nimepima sawa. Na amekula."

Mama Usafi aliona njia mbili mbele yake, na ile ya kunyamaza ilikuwa imefagiliwa safi. Angeweza kuipita, hakuna shahidi, sakafu inang'aa. Lakini wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio chenyewe kilikuwa pale sakafuni kinatetemeka.

"Alikula, akatapika," alisema. "Nyuma ya kochi. Nikafuta."

"Kabla ya sindano?"

"Kabla. Na jana mara mbili."

Alingoja mvua ya maneno. Angeyastahili, na mume mwingine angemmwagia yote mpaka ya mwaka wa harusi. Fundi alivua lenzi, akaiweka mfukoni.

"Lete asali," alisema. "Na kalamu."

Asali aliipaka kwa ncha ya kidole kwenye fizi za Karani, kidogo kidogo, juu na chini. Hakummiminia, maana aliyezimia akimiminiwa hupaliwa. Kidole kile hakikutikisika. Alikuwa akiongea na paka kwa sauti ileile anayotumia kwa saa zilizokufa: "Taratibu, mzee. Hakuna anayekufukuza."

"Kalamu ya nini?" aliuliza mkewe.

"Andika. Lini alitapika, alikuwa amekula nini, rangi gani, kulikuwa na maji au chakula. Daktari atauliza, na mimi sijui hata moja. Aliyeona ni wewe."

"Mimi niliyefuta?"

"Hafuti mtu asichokiona, bibie. Andika."

Akaandika nyuma ya karatasi ya mteja, herufi kubwa kubwa. Akashangaa yote alikuwa anayakumbuka: jana mchana chakula kizima kizima, jioni povu la njano, asubuhi chakula chenye utelezi. Alipofika mstari wa mwisho, Karani alinyanyua kichwa, akalamba mdomo, akamwangalia Fundi kama mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Fundi akapima tena. Namba ilikuwa imepanda hatua moja. Alimpigia daktari simu, wakamfunga paka kwenye taulo, wakatoka mbio za wazee, ambazo ni kutembea kwa nia.

Kliniki ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu, na hilo lilimpa Mama Usafi nguvu kidogo. Daktari alimwekea Karani mpira wa dripu mguuni, akachukua damu, akasoma ile karatasi mara mbili.

"Nani kaandika hii?"

"Mimi," alisema Mama Usafi, akitaka sakafu imfunike.

"Wengi huniambia tu 'anaumwa.' Hii ya povu la njano imenionyesha pa kuanzia kutafuta." Majibu ya damu yalipotoka, akasema kongosho limevimba, ndilo linalochafua tumbo. Angekaa naye siku mbili, dripu na dawa ya kuzuia kutapika. "Kisha sikilizeni. Akitapika, hakuna sindano mpaka mnipigie. Wala msije mkaacha sindano kwa hofu, mkakaa kimya. Kuacha nako kunaua. Mimi ndiye niseme ni kiasi gani."

Wakarudi nyumbani mikono mitupu. Njiani Mama Usafi alishindwa kuvumilia.

"Sema basi. Ukinyamaza unanitesa."

"Niseme nini? Nilikuuliza kama amekula. Sikuuliza kama chakula kimekaa."

"Usinibebee, Fundi."

"Sikubebei, mgongo wenyewe uko wapi. Tugawane."

Siku ya tatu Karani alirudi, mguu mmoja umenyolewa, amekasirika, akapanda moja kwa moja juu ya karatasi za wateja.

Wiki mbili baadaye jirani alipita kusalimia. Alifika katikati ya ukumbi akasimama kama aliyeona nyoka. Sakafuni, kwenye nyumba ile, palikuwa na bakuli limefunikwa kifudifudi.

"Mama Usafi, unaumwa?"

"Niko salama. Usiliguse."

"Kuna nini chini yake?"

"Matapishi ya Karani."

Jirani alitafuta kiti kwa mkono bila kukitazama. "Tangu lini?"

"Robo saa. Yananiwasha mwili mzima, lakini hayafutwi mpaka yasomwe."

Fundi alitoka chumba cha mbele, akapiga magoti kwa mpango, akabana lenzi jichoni, akafunua bakuli. Alikagua kama anavyokagua mashine ya saa, hana haraka, hana kinyaa. Mkewe alimtazama ule upara wa utosini, yale magoti yaliyolia kama bawaba, akawaza kwamba jirani akicheka atatolewa nje.

"Manyoya tu," alisema Fundi. "Chakula cha mchana hakimo. Andika: manyoya, saa kumi na dakika ishirini. Nampigia daktari."

Daktari alisema wampe chakula kidogo, wangoje, wampime, na kikikaa, sindano iende kama kawaida. Kitambaa kilikuwa kimeshapita sakafuni kabla simu haijakatwa.

Saa moja jioni saa zote zikalia pamoja.

"Amekula?"

Mama Usafi alienda nyuma ya kochi, akainama, akatazama chini ya meza, akamtazama Karani machoni.

"Amekula," alisema. "Na kimekaa."