Maji ya Tangi la Mbele

...na harufu hii si ya ubani, ubani Zamda angeujua hata akiwa usingizini, hii ni kali, inachoma puani kama hospitali, na glasi iko mkononi, imejaa, na nje chini ya turubai memsabu anakunywa chai na mgeni wake bibi wa misheni, chai ya birika la asubuhi, hiyo haina neno, lakini Toto Meri amesimama mlangoni anapiga kisigino kwenye bati, "Zamda, nina kiu," Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mama yake, nakuja, mwanangu, anasema Zamda, na haji, anainua glasi kwenye mwanga wa dirisha, yana ubuluu, kidogo tu, kama maji ya mwisho ya kusuuzia kanzu nyeupe, na moyo ukamwambia papo hapo, Damas. Nani mwingine? Nyumba hii ya magurudumu ya Bwana Mbung'o, ndivyo watu wanavyomwita kwa kazi yake ya kufukuzana na mbung'o, nzi wa malale, porini, toka Tabora hadi huku Kaliua, ina matangi mawili chini ya sakafu, la mbele la maji ya kunywa, la Zamda, achemshe, achuje, amimine, atie dawa ile nyeupe ya unga, na la nyuma la maji ya sinki na ya choo, la Damas dereva, afungue koki, amwage shimoni, atie dawa ile ya buluu inayoua harufu, na tangu siku ya kwanza Zamda alisema, mimi na lile la nyuma hatujuani, ndoo yangu isiguse ndoo yako, mpira wangu usilale na mpira wako, akaufunga wa kwake kitambaa cha kaniki, Damas akacheka, nyie watu wa Isevya, maji mnayafukiza udi kama bibi harusi, naye akamjibu, nanyi wa Goweko mnakunywa mdomo kwa mdomo na ng'ombe, utani, ndiyo, lakini nani ajuaye mtani anacheka kwa jino lipi... na mkewe je, Josepha, aliyekuja juzi kwa garimoshi, akakaa juu ya debe akitazama kila kitu, dada Zamda, kumbe kazi yenyewe nyepesi, na mgongo wako huo, si ungepumzika, eti nyepesi, eti apumzike, akae nani hapa, yeye? Kumbe walikwisha kupanga, mume na mke, usiku, kwa Kinyamwezi chao... Bibi yake Zamda, bi Mwanne, aliyeingia Tabora na msafara kutoka Manyema akiwa mgongoni mwa mama yake, alikuwa akisema, anayempa mtu maji huonja mwenyewe kwanza, aondoe uchawi mbele ya macho ya mwenziwe, njiani kule hatukupokea kata ya mtu asiyeonja, lakini hapa memsabu alimwona mara moja tu akigusa glasi kwa mdomo, akapiga yowe, hapana, Zamda, chafu!, mdomo wake yeye, aliousukutua alfajiri kwa sala, chafu, tangu hapo ananusa tu kama paka, na leo pua imemwambia na mdomo umefungwa, kwa maana atasemaje, memsabu, maji haya yana dawa? Dawa! Mbele ya mgeni! Ngollo mpishi alilisema neno hilo hilo kule mjini, bwana, mchuzi nimetia dawa ya tumbo, tangawizi, maskini, tangawizi tu, na kabla ya magharibi alikuwa anatoka na godoro kichwani watu wakinong'ona, kwetu dawa ni ya unga na ya buluu na ya mganga na ya panya, lakini ikitoka kinywani mwetu ikaingia sikioni mwao hubaki moja tu, sumu, na tangi la mbele la nani? La Zamda. Ndoo ya nani? Ya Zamda. Mjanja yule, amemtega hata ulimi... "Zamda! Maji! Upesi upesi!" ni memsabu, kisha anamgeukia mgeni, wanacheka, Kiingereza kile cha puani, Zamda anaokota jina lake tu humo, wanamsemaje, na Toto Meri, "Unazungumza na maji?" Tunasalimiana, mwanangu. "Yamekuitikia?" Bado... na Damas yule pale, dirishani anaonekana amechuchumaa kwenye kivuli cha lori, hana kazi mkononi, hapigi mluzi wake wa kanisani, anaitazama koki ya tangi la mbele, haoni haya, anaitazama kama mtu anayengoja mtego, na asubuhi si alikuwa chini ya sakafu, huku mbele, kopo mkononi, mchana kweupe... mchana kweupe? Mwovu gani anayefanya uovu wake mbele ya mwenye tangi? Na nani alimwita? Ngoja. Nani alimwita. Zamda alikuwa na pasi ya mkaa, shati za bwana zimemlemea, akapaza sauti, Damas, ndugu yangu, nitilie dawa tangi la mbele, sauti yake mwenyewe hiyo, na kichwani mwake dawa ilikuwa nyeupe, unga, lakini mikononi mwa Damas dawa ni buluu, nyingine hajaishika kamwe, na juzi si memsabu alisema tangi la mbele linanuka matope, lioshwe? Garimoshi la Mpanda likawa linaondoka, Damas akatoka chini akipangusa magoti, nimetia dawa, dada, na mdomo wake ukaendelea, Zamda anauona sasa, mdomo unatembea na king'ora kinayala maneno, uli... suu... ulisuuze, dada, ulisuuze kabla hujamimina, na mkono wake unazunguka hivi, hivi, mkono wa kusuuza, naye Zamda alidhani anamchezea ngoma, akamsonya, akamimina maji yake mazuri ya kuchemsha juu ya ile buluu. Basi Damas anangoja kusikia maji yakimwagika. Tangu asubuhi anangoja, anaona aibu kumwambia mtu mzima mara ya pili. Na Josepha labda aliuona mgongo kwa kuwa unauma kweli... "Zamda!" kiti cha memsabu kinalia, anainuka, na glasi iko pale pale, imejaa, haijapungua tone, na Zamda anaweza kusema Damas amekosea, ni kweli, na ni rahisi, buluu ni yake, nani atabisha, mpira wake, kopo lake, alama za magoti yake bado ziko kwenye vumbi... usiiguse, mwanangu, sogea, mwambie mama kwa lugha yenu, pole pole, aelewe, maji ya leo hayanyweki, yamwagwe yote, tumekosea. "Nani na nani?" anauliza mtoto. Mimi na Damas.