Binti wa Tuta la Saba

Saa moja asubuhi mtunza bustani alikuwa amepiga magoti kwenye tuta la saba, akipanda vitunguu vya maua: ncha juu, kitako chini, kina mara tatu ya kimo cha kitunguu chenyewe. Bandani, nyuma ya ukuta, binti yake alikuwa akichovya vitunguu vingine katika pipa la dawa ya kuua ukungu, mikono mitupu. Glavu zilikuwa zimeombwa mara nne.

"Zipo njiani," msimamizi alisema, kama mtu anayemzungumzia mgeni aliyekawia.

Wiki ile mikono ya binti iligeuka rangi ya kahawia, ikawa inaambuka maganda membamba. Ijumaa alitoka bandani, akamwambia mama yake kwamba amechoka na angependa kulala kidogo, akajilaza kwenye tuta kati ya mistari miwili. Udongo ukamfunika taratibu. Mama alipima kina kwa kijiti, akaona kinatosha. Akachomeka kibao chenye tarehe, na miezi yote ya baridi akajizuia kumwagilia, kwani kitunguu kilicholala kikilowa huoza.

Majira ya machipuko yalipowadia, binti alichomoza pamoja na maua ya njano. Miguu yake ilibaki ardhini hadi magotini, na mabegani alikuwa na majani marefu ya kijani.

"Umekonda, mwanangu."

"Nimekula akiba yangu yote, mama. Sina kitu ndani."

"Angalau huyu hawezi tena kuchelewa kazini," alisema mfanyakazi mwenzao aliyekuwa akisukuma toroli, akapita na mbolea yake.

Msimamizi naye alikuja, akamtazama binti juu hadi chini, akaagiza pipa lisogezwe karibu naye. Likasogezwa.

Maua yaliponyauka, mama alikata vikonyo tu. Majani hayaguswi; hayo ndiyo yanayokijaza kitunguu chakula cha mwaka mzima, mpaka yageuke manjano yenyewe. Binti alihitaji wiki sita za jua. Katika wiki ya pili msimamizi alisimama kwenye tuta akiwa na mkasi.

"Jumatatu kuna wageni. Majani haya yamelala ovyo kama nywele za mlevi. Yakatwe."

"Bosi, yakikatwa, mwakani hatoki. Nipe wiki nne tu. Nakupigia magoti."

"Umeshapiga magoti tangu asubuhi."

"Basi niyafunge. Yatakuwa nadhifu."

Msimamizi alifikiri, akarudisha mkasi mfukoni. Mama akayakunja majani, akayafunga mafundo kwa kamba, kama alivyofunga kwenye matuta mengine miaka yote. Vitunguu vya matuta hayo vilikuwa vikitupwa kila mwaka na kuletwa vipya, kwa hiyo hakuwahi kuona kitunguu kilichofungwa majani kinarudi kikiwa na hali gani.

"Mama, kuna giza humu," binti alisema Jumapili.

"Vumilia. Wakiondoka nitafungua."

Wageni wa Jumatatu waliondoka, wakaja wa Alhamisi, na baada yao wa wiki nzima. Kila jioni mama aliomba ruhusa ya kufungua, na kila jioni aliambiwa asubiri. Siku alipoyafungua, majani yalikuwa yamepauka kwa ndani, na binti alikuwa amekwisha kuzama hadi kidevuni. Mama alimshika shavu mpaka udongo ukafika vidoleni pake.

Mwaka uliofuata walichomoza wasichana watatu, kila mmoja kimo cha ndoo, bila ua hata moja. Kitunguu chenye njaa hugawanyika. Wote walivaa magauni ya kahawia yenye mikono mirefu. Wa kwanza alikuwa na sauti ya binti, wa pili alikuwa na kicheko chake. Wa tatu alimtazama mama kwa adabu, kama mtu anayesubiri kutambulishwa.

"Mimi ni mama yenu," mtunza bustani alimwambia.

"Shikamoo," akajibu wa tatu.

Msimamizi aliwahesabu kwa kidole. Pipa lilikuwa refu kwao, akasema litafutwe beseni. Lilipoletwa, likiwa limejaa dawa hadi ukingoni, mama aliwakunjia mikono ya magauni hadi juu ya viwiko, mmoja baada ya mwingine, ili isilowe.