Mochi Zilizorushwa Kutoka Kileleni

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi, na ninalisema hilo mapema kabla Tokuji muuza samaki hajawasimulia kwa njia yake.

Paa la ukumbi wa michezo wa mtaa wetu lilikuwa limeoza. Mvua ikinyesha, watoto wa judo walikuwa wakiangushana katikati ya ndoo. Mimi Genzo, mwenye kiwanda cha mchuzi wa soya, niliyewahi kuunguliwa na kiwanda hichohicho nikaanza upya kwa kusukuma mkokoteni wa viazi vya kuchoma, nikatoa fedha za kuliezeka upya. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu wa heshima mpaka leo.

Lakini kwetu mbao za paa zikishasimama, mwenye jengo hupanda juu akawarushia majirani mochi, zile keki za mchele wa kunata, ili baraka imfikie kila mtu. Siku hizi wengi hurusha wakiwa chini, wamesimama kwenye jukwaa. Kuroiwa, fundi mkuu, alikuwa ameshanitengenezea langu, refu kama meza. Nikalitazama nikacheka. Nikamwambia kwamba baba yangu alirusha kutoka kileleni, na mimi sikutoa paa ili nije kusimama juu ya kigoda. Kuroiwa akanitazama tumbo, akanitazama miguu, akasema sawa mzee, ila mkanda utavaa.

Ngazi ya kwanza niliipanda nikitania. Ya pili nikapunguza. Nilipofika kwenye boriti ya juu kabisa, mate ya kutania yalikuwa yamekauka. Paa lenyewe halijafunikwa bado, ni mifupa tu ya mbao. Chini ya nyayo zangu ubao mmoja, chini ya ubao hewa, na chini ya hewa vichwa vya majirani zangu, vidogo kama vifuniko vya chupa. Kuroiwa akaufunga mkanda wangu kwenye boriti, akanipa kikapu, akasogea pembeni.

Nikarusha. Watu wakatanua aproni na mifuko, wakasukumana, na vikongwe ndio waliokuwa wakali zaidi. Tokuji akaniuliza kama mkono umevunjika au ni uchoyo tu, mbona mochi hazimfikii. Nikaanza kujisikia mtu tena.

Ndipo simu zote za pale chini zikalia kwa pamoja.

Mlio ule wa onyo la tetemeko hakuna asiyeujua kwetu. Mikono iliyoinuliwa kudaka mochi ikabaki hewani. Ukishalia, unabakiwa na pumzi chache kabla ya ardhi kutikisika, za kutosha kuingia chini ya meza. Huko juu meza sikuiona. Mbao nilizisikia kabla sijahisi kitu: mlio mwembamba uliotoka kwenye msingi ukapanda nguzo kwa nguzo, kama mtu anayekuja kunichukua bila haraka. Kisha jengo zima likaenda kushoto. Likarudi. Likaenda tena.

Niliikumbatia boriti kwa mikono na miguu. Kikapu kilikwenda zake. Shavu langu lilikuwa limegandamana na mwerezi mbichi, nikahisi ukilia ndani kwa ndani, kwenye meno yangu. Nilimwomba marehemu baba, nikaiomba miungu ya mahali pale, na nilipoishiwa na wa kuwaomba nikamwomba Kuroiwa.

Likatulia. Chini hakuumia mtu. Waliochuchumaa wakainuka, wakaitana majina. Kuroiwa akapita akigonga maungio moja moja, akasema halijalegea hata moja, sasa tushuke polepole. Nikasema sishuki.

Akasema linaweza kuja tetemeko jingine. Nikamwambia ndiyo maana sishuki, je, likinikuta kwenye ngazi? Basi angalau nikae vizuri, akasema, boriti ni imara. Nikamjibu kwamba boriti nayo siiamini. Akavua kofia akajikuna, akaniuliza kwa upole nilichokuwa nakitaka hasa. Nikaomba winchi.

“Mwacheni,” Tokuji akasema huko chini. “Kila paa na jogoo wake.”

Wakacheka.

“Chekeni tu,” nikasema, sauti ikinitoka kama ya mbuzi. “Mbao hizi zimelia, nimezisikia kwa masikio yangu. Hapa siachii mkono.”

Kicheko kikakatika. Mama mmoja akamvuta mwanawe kutoka kizingitini, kisha na wa jirani. Watu wakaanza kuzitazama nguzo.

Fusae, mke wangu, alikuwa miongoni mwao. Sasa akawapita wote, akaingia ndani, akaja kusimama chini yangu kabisa, pale ambapo boriti ingeanguka ingemwangukia yeye. Akainua uso. Alichosema ndicho kilichoniachisha ile boriti, kidole kwa kidole.

“Baba Sayo, siku ardhi itakapotikisika vibaya, mtaa mzima utakimbilia humu. Kama wewe uliyelitoa paa hili huliamini, tuambie sasa hivi: tukimbilie wapi?”