Mpaka wa Shule ya Kilimani

Wilaya yetu ina shule mbili za kati, za darasa la sita mpaka la nane. Moja iko kilimani, nyingine karibu na reli. Zote ni za umma, zote tunazilipia kodi sisi sisi. Lakini mtu akija kununua nyumba huku kwetu haulizi kama paa linavuja. Anauliza, "Watoto wanasoma wapi?" Kwenye mtandao shule ya kilimani imepewa tisa katika kumi, ya relini nne. Nimeona watu wakihama mtaa kwa ajili ya namba hizo, na sijaona mtu akihama dhambi yake kwa haraka namna hiyo.

Mtaa wetu uko upande wa relini, wa ile nne. Majira ya kuchipua bodi ya shule ikatangaza kwamba inafikiria kusogeza mpaka ili mtaa wetu uingie kilimani, maana kule nafasi zilikuwepo. Mimi ni mjane, namlea mjukuu wangu Corliss, na mwezi wa nane alikuwa anaingia la sita. Nilitaka aende kilimani. Ile tisa haikunihusu. Corliss alikuwa hajui kusoma vizuri, herufi zilimchezea. Akisoma kwa sauti, jasho linamtoka puani.

Nilikwenda kuziona shule zote mbili, jioni wanapokaribisha wazazi. Relini sakafu inang'aa, watoto wana salamu, na mwalimu mkuu alinivutia kiti mwenyewe. Nikamuuliza habari za mtoto anayechezewa na herufi.

"Mama, sitakudanganya," akasema. "Mwalimu wa watoto wa namna hiyo tunagawana na shule nyingine. Anakuja Jumanne. Akija."

Kilimani hakuna aliyenivutia kiti. Lakini mwalimu kama huyo wanaye kila siku, ana chumba chake na taa ndogo za mezani. Alikaa na Corliss kidogo tu, na mtoto akatoka amemaliza ukurasa mzima.

"Bibi," akaninong'oneza, "huyu hakunicheka."

Basi nikaanza kuomba.

Wanawake wa kanisa letu tunakutana Jumatano asubuhi kwa Glenda Stroud, huko huko kilimani. Tunakunywa kahawa, tunakaa duara, kila mmoja anataja haja yake na wenzake wanaibeba. Ndivyo tulivyolelewa. Haja haitajwi nusunusu, kwani Mungu utamficha nini? Nikataja yote. Kwamba Corliss yuko la tano na anasoma kama wa la pili. Kwamba mama yake, binti yangu, yuko gerezani kwa sababu ya vidonge vya kulevya, na kila tukirudi kumtembelea, mtoto hukojoa kitandani.

Glenda alinishika mkono akalia kuliko mimi. "Dada Arletta," akasema, "hili nalibeba mwenyewe."

Kikao cha bodi kilikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya kilimani. Kipaza sauti kilisimamishwa katikati, anayetaka kusema anapanga foleni, anapewa dakika tatu. Nilimchukua Corliss. Nilitaka aone watu wazima wakimtetea. Nilipomwona Glenda kwenye foleni nikamgusa Corliss goti. "Yule ni wetu," nikamwambia.

Mbele ya Glenda alikuwepo bwana mmoja mwenye kofia mkononi. "Mimi nilinunua nyumba ya shule yenye tisa," akasema. "Sikununua ya shule itakayoshuka mpaka saba." Watu wakapiga makofi.

Jirani yangu Rochelle akasimama kwenye benchi. "Kwani watoto wetu wana upele?"

"Hakuna aliyesema upele, mama."

"Basi sema ulichokuja kusema! Unaona haya?"

Mwenyekiti akagonga meza. Ikafika zamu ya Glenda.

"Watoto wa mtaa ule nawapenda," akaanza, kwa sauti ile ile ya Jumatano. "Nawaombea kwa majina. Yuko mmoja, simtaji. Yuko la tano, anasoma kama wa la pili. Mama yake amefungwa. Mpaka leo anakojoa kitandani, maskini. Jamani, ni huruma gani kumleta mtoto kama huyo hapa, wenzake wanakimbia na yeye hajatambaa? Ataumia, na alama za shule nzima zitashuka. Tumwache alikozoea."

Hakutaja jina. Mtaani kwetu mtoto mwenye mama gerezani ni mmoja tu. Vichwa vikaanza kugeuka, kwanza vya wakubwa, halafu vya wasichana wa darasa lake waliokaa nyuma yetu. Corliss hakulia. Alivuta kofia ya koti lake mpaka ikamfunika macho.

Bodi ikapiga kura. Mpaka ukabaki pale pale.

Glenda akanifuata kwenye maegesho, viatu vyake vikigonga lami. "Dada Arletta, usinielewe vibaya. Jina sikulitaja."

"Hukulitaja."

"Nimefanya kwa faida yake. Nitaendelea kumwombea, unajua."

"Usimwombee," nikasema. "Mungu alikuwa ameshasikia kwangu. Wewe umewapelekea waliokuwa hawajui."

Akaanza kulia. Nikamwacha na machozi yake, nikawasha gari.

Tulipofika kwenye taa nyekundu Corliss akauliza, bila kunitazama, "Ya kitanda, ulimwambia wewe?"

"Ndiyo, mwanangu. Nilikuwa nakuombea."

Akaivuta tena kofia ya koti.

Sasa anasoma relini. Mwalimu wa Jumanne anakuja, wiki nyingine haji. Nikimuuliza habari za shule ananijibu, "Salama tu," kama anayejibu mgeni mlangoni. Zamani kabla ya kula tulisali kwa zamu, kwa sauti, na yeye alikuwa na maneno mengi mpaka chakula kinapoa. Siku hizi ikifika zamu yake anainamisha kichwa na midomo haichezi. Nikimuuliza ameomba nini, anachukua uma wake anakula.